Ukurasa wa Mwisho wa Kipanga: Kwa Baba Yetu Jonah Kisilu

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokulaza nyuma ya nyumba, karibu na ule mlimau ulioupanda mwenyewe na kuulaumu kila msimu kwa uvivu. Mlimau umezaa. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Kumbukumbu za watu wengine huwa fupi, nasi tulikusudia yako iwe hivyo: picha yako, ile ya kofia, maneno machache ya shukrani, majina yetu, basi. Lakini majuzi Mjomba Kiema alikuja nyumbani na kitu mkononi, na sasa tuna habari ya kukupa. Ni habari uliyoitafuta karibu miaka ishirini. Itabidi utuvumilie, na wasomaji nao watuvumilie.

Kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kunywa chai yako, wewe ulikuwa na hoteli pale Mtito Andei, mkabala na mahali mabasi ya Mombasa yanaposimama ili abiria wajinyooshe. Uliingia hapo mwaka wa 1966 kama kijana wa kuosha vikombe, na mwenye hoteli alipozeeka akakuachia jiko. Chapati zako zilikuwa nene. Madereva wa malori walilalamika kwamba ukila mbili huwezi kukanyaga breki, na kesho yake walirudi wakala tatu. Abiria aliyeachwa na basi alilala kwenye benchi la ndani bila kuulizwa kitu, na asubuhi alipewa uji.

Abiria husahau vitu. Kwako walisahau miavuli, kofia, na mara moja kuku aliyefungwa miguu. Lakini walichosahau zaidi ni magazeti, na katikati ya magazeti, komiki. Ile ya kwanza uliifungua ukitafuta karatasi ya kufungia mandazi. Ndani ukamkuta mtu mwenye mabawa ya chuma na makucha, anaruka juu ya mji mkubwa akitoa watu kwenye moto. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, na Kiingereza chako kilikuwa cha shule ya msingi, kwa hivyo ukamwita Kipanga. Mandazi ya siku hiyo yalifungwa na kitu kingine.

Tangu hapo ukawa mtu wa Kipanga. Makondakta walikujua, wakawa wanakuokotea komiki chini ya viti. Ulizipanga kwa tarehe ndani ya sanduku la majani chai, lile la mbao. Jioni uliwasimulia wanao Ndila na Mutiso kwa Kikamba, ukibadilisha sauti: Kipanga sauti nzito, polisi sauti ya puani, na adui yake mkubwa, yule wa kuvaa kinyago, uliyemwita Kinyago, alizungumza kama chifu wetu wa wakati ule. Kuna watu Mtito Andei ambao mpaka leo wanaamini Kipanga alikuwa Mkamba.

Na ulikuwa na tabia moja ambayo Mama hakuielewa tangu siku ya harusi. Hukusoma mwisho wa kitu siku ile ile. Ukifika ukurasa wa mwisho ulifunga komiki, ukaubana ukurasa huo kwa kibanio cha nguo ili jicho lisikusaliti, ukangoja Jumapili. Baada ya ibada, ukiwa na chai yako na shati safi, ndipo ulipokitoa kibanio. Ulisema hivyo wiki nzima inakuwa na mahali pa kwenda. Mama alisema wiki nzima nguo zake zinaanguka kwenye vumbi.

Mwaka wa 1977 Mjomba Kiema, kaka yake Mama, alitoka Kanyangi akaja kukaa kwetu. Alikuwa ameokoka karibuni, na alikuwa na bidii ya mtu aliyeokoka karibuni. Tulimpa chumba cha nyuma, kile chenye sanduku. Wiki hiyo hiyo ulikuwa umepata toleo ulilolitamani sana. Kipanga anamfikia Kinyago juu ya paa, anamvua kinyago, na kumbe ni mjomba wake, ndugu ya mama yake, aliyemlea. Kipanga ameinua ngumi. Hapo ukurasa ukaisha, ukabaki ule wa mwisho. Ilikuwa Alhamisi. Uliweka kibanio ukaenda kukanda unga, na mteja aliyekuwa na wewe siku hiyo alisema ulimpa chai bila sukari na hukusikia alipolalamika.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri aliwaambia watu walete vitu vya giza vichomwe. Wengine walileta hirizi, wengine vibuyu, wengine tumbaku. Sasa Mjomba Kiema alikuwa amefungua sanduku lako akitafuta blanketi, akaona mtu mwenye mabawa na makucha anamkodolea macho. Hakuuliza mtu. Alilibeba begani mpaka uwanjani.

Ulipofika lilikuwa linaungua. Ulikuwa bado umevaa aproni, mikono imejaa unga. Mutiso, aliyekuwa darasa la tatu, alikuwa analia kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Mjomba alisimama kifua mbele akingoja upigane naye, na watu wote walijua mngepigana. Ukamtazama.

"Shemeji," ukamwambia, "si ungengoja tu Jumapili."

Halafu ukarudi kwa chapati zako.

Hukusema neno baya juu yake, siku hiyo wala baadaye. Mutiso ndiye aliyekasirika kwa niaba yako. Aliacha kumwamkia mjomba wake, na kwetu Ukambani huo si utani wa watoto. Baba ukimkosea mtayamaliza. Mjomba akikulaani, mambo yako yote yanakwama, na hata ukiomba msamaha itabidi aweke mkono wake mwenyewe ndipo yafunguke. Mama alikosa usingizi juu ya jambo hilo. Alijaribu kuwapatanisha, Mutiso akakataa, akajaribu tena. Mutiso alikua, akaota ndevu, akawa fundi wa malori Emali, na bado akimwona Mjomba Kiema anavuka barabara. Wewe ulisema tu, "Mwacheni. Atakuja kumwamkia."

Shida yako wewe ilikuwa moja. Alimpiga, au hakumpiga?

Toleo lile halikusahauliwa tena mezani kwako na mtu yeyote. Uliwauliza abiria. Tulikusikia tukiwa watoto na tukakusikia tukiwa watu wazima: "Samahani, ndugu, wewe husoma komiki?" Mzungu mmoja wa kwenda Tsavo alidhani unamuuzia kinyago cha mti, na alitaka kukinunua. Mwanafunzi mmoja wa chuo, mwenye maringo, alikuambia Kipanga alikufa zamani. Huyo ulimnyima chapati ya pili, na ndiyo mara pekee tunayoikumbuka ukimnyima mtu chakula.

Halafu, mwaka juzi, ikaja gemu.

Hared ni mfanyabiashara wa Emali. Marehemu baba yake alikuwa akipeleka mbuzi Mombasa, na kila safari alishuka kwako kunywa chai na mtoto wake, kwa hivyo Hared alikua akimsikiliza Kipanga wako kwa Kikamba asichokielewa vizuri. Alipofungua duka aliweka televisheni na mashine ya gemu chumba cha nyuma, vijana wakawa wanajaa humo kama kanisani siku ya Krismasi. Siku moja akaletewa kaseti mpya kutoka Nairobi. Akaona picha iliyo juu yake, akatuma neno kwa kondakta: "Mwambie Mzee Jonah, Kipanga wake amefika Emali. Na huyu anatembea."

Ulivaa kofia ya kanisani. Ndila alikusindikiza, na Mutiso aliacha injini wazi akaja na mikono ya grisi.

Ilikuwa aibu, Baba, tuseme ukweli. Ile pad ya kuchezea, yenye vitufe, uliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Ulibonyeza kwa kidole kimoja. Kipanga alitumbukia kwenye shimo la kwanza, akafufuka, akatumbukia humo humo. Kisha ukaona mama mmoja amechorwa dirishani kwenye jumba la nyuma, ukamsimamisha Kipanga amwokoe.

"Mzee, huyo ni ukuta," vijana wakakuambia.

"Si anapunga mkono?"

"Ni wa kurembesha tu. Wacha huyo, songa mbele!"

Ulisonga, lakini hukufurahi. Na ulilalamika sana. Kipanga haruki kwa mguu wa kushoto, uliwaambia, aliumia goti kwenye ajali ya treni. Bawa la kulia lina tundu la risasi, hapa limeenda wapi? Na mbona anapita polisi bila salamu? Vijana walianza kwa kucheka. Baadaye wakaanza kuuliza treni gani, risasi ya nani. Ukawa na kikao chako kila Jumamosi: unacheza kidogo, unakufa, na wakati Kipanga anafufuka unawaeleza alikotoka. Wakati huo wao nao walikufundisha vidole. Usidhani hatukukuona nyumbani ukifanya mazoezi juu ya meza, kidole hiki, kidole kile, na chai inapoa.

Kila mtu alijua unachotafuta. Ukimaliza gemu, vijana walisema, unaonyeshwa mwisho wa hadithi. Ulikuwa hujalala vizuri wiki hiyo uliyobakisha Kinyago peke yake.

Siku yenyewe duka lilijaa mpaka mlangoni. Hared alifunga mauzo ya mbele. Mutiso alisimama nyuma ya kiti chako. Ulipanda ngazi za lile jumba, ukavuka moto, ukafika juu ya paa, na Kinyago alikuwa pale pale ulipomwacha mwaka wa 1977. Mkaviringana. Ulikuwa unatoa jasho, Baba, kofia imekaa upande. Kinyago kikaanguka, na sura ya mjomba ikajaa televisheni nzima.

"Finya, mzee! Finya hiyo nyekundu!"

Uliweka pad juu ya magoti.

"Huyu ni mjomba wake," ukasema.

"Ndiyo, ndiyo wa mwisho! Ukimlima mara tatu imeisha!"

"Mjomba hapigwi."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka stesheni ya treni. Ni gemu, mzee! Ni rangi tu! Kijana mmoja mwerevu akanyamazisha wenzake. "Ngojeni. Mzee, Kiingereza inasema anko tu. Anko si lazima awe mjomba. Labda huyo ni baba mdogo."

Hared akaunga mkono kutoka mlangoni. "Hiyo ni kweli kabisa. Sisi Wasomali tuko na jina ya wa mama na jina ya wa baba. Wazungu ndio wamechanganya watu."

Ulifikiri. Tuliokujua tuliona jinsi ulivyotaka iwe hivyo. Ulisogeza uso karibu na televisheni, ukavua miwani, ukaifuta, ukaivaa.

"Angalieni nyusi yake ya kushoto," ukasema. "Imekatika katikati. Lile toleo la mafuriko, mama yake Kipanga ako na picha ya kaka yake ukutani. Nyusi imekatika hapo hapo. Huyu ni wa upande wa mama." Ukapumua. "Hata angekuwa baba mdogo singempiga, lakini hapo tungeongea."

Wakati huo wote mjomba alikuwa anampiga Kipanga. Yeye hakuwa na shida na ukoo.

Hared akasema basi apewe yeye, Kipanga si ndugu yake, wewe ugeuke ukutani uitwe tu kuona mwisho. Ukakataa. Ukamuuliza utaonaje mwisho ukijifanya hujui umefikaje. Ndipo Mutiso akainama, akaichukua pad magotini kwako.

"Baba, wacha nikumalizie," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima. "Umengoja tangu nikiwa mtoto."

Hukumgeukia. "Hata wewe, Mutiso," ukamwambia. "Mjomba hapigwi."

Mutiso alikaa na ile pad mkononi. Kisha akaiweka juu ya kreti ya soda, taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Kipanga akaanguka mara ya mwisho. Televisheni ikauliza kama tunataka kuendelea, na katika chumba kizima hakuna aliyebonyeza kitu. Ulinyoosha kofia yako, ukamshukuru Hared, ukauliza kama kuna chai.

Jumapili iliyofuata Mutiso alitoka Emali asubuhi akaja kanisani kwetu. Ibada ilipoisha alimfuata Mjomba Kiema mlangoni, watu wote wakiona. Mjomba alipomwona anakuja aliangusha kitabu cha nyimbo.

"Mjomba," Mutiso akasema, "umeamkaje?"

Mjomba alimwangalia mikono kwanza, halafu uso, ndipo akajibu. Mama alilia mpaka leso ikalowa. Sisi tulidhani kitabu kimeangushwa na furaha.

Uliugua mwaka uliofuata, kifua, na hukukaa sana. Siku zile za mwisho ulikuwa unaongea kidogo, na nyingi zilikuwa habari za jiko. Lakini siku moja mchana ulimwita Ndila, ukamuuliza, "Wewe unafikiri alimpiga?" Ndila akasema anafikiri hakumpiga. "Hata mimi," ukasema. "Lakini kufikiri si kujua." Uliondoka bila kujua, na katika yote tuliyoyalilia, hilo nalo tulililia. Watu walishangaa kusikia familia inamlilia mtu kwa sababu ya komiki. Hawakukuona ukikunja ile kofia mkononi mchana ule.

Sasa habari yenyewe.

Alhamisi iliyopita, tukiwa tunapanga tangazo hili, Mjomba Kiema aliingia, akakataa kuketi, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Mama akafungua. Ni Kipanga, Baba. Ni lile toleo. Ukingo umechakaa kidogo, na kibanio cha Mama kiko mahali pake.

"Siku ile, kabla ya kutupa sanduku, nilichomoa hiyo ya juu," Mjomba akasema. "Nilitaka kujua ni pepo gani. Nikaisoma yote nyuma ya kanisa. Halafu nikarudisha kibanio."

"Kiema!" Mama akasema. "Miaka yote hiyo unakunywa chai yake!"

"Hakuniuliza hata siku moja, Mbinya. Mwisho wake msiniulize, someni wenyewe."

Ilikuwa Alhamisi, kwa hivyo hatukusoma. Mama aliiweka juu ya kabati, na wiki ikawa na mahali pa kwenda. Jumapili baada ya ibada tulikuja kwako na chai, sote, Mjomba akiwa nyuma kabisa. Mutiso akatoa kibanio. Akasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kikamba, akijaribu zile sauti zako.

Alimpiga, Baba. Pole sana. Ni ngumi moja, imechorwa ukurasa karibu mzima, na mjomba anaanguka kutoka paani. Chini kabisa ya ukurasa Kipanga anaruka kuelekea juani, na maneno yanasema mji umeokoka. Juu ya mama yake hakuna neno hata moja.

Ndipo Mjomba Kiema akaongea, akiangalia mlimau. "Mnaona sasa? Ningempa aje Jonah hiyo, na huyu kijana nyumbani amenikasirikia? Nilikuwa naona Mutiso akiota mabega. Nikasema, siku atakayosoma, ndiyo siku yangu. Ile Jumapili aliponijia mlangoni nilijua amesoma. Kumbe ananiamkia tu."

Mutiso alikunja komiki. "Kwa hivyo Baba alikosea," akasema.

"Baba yako hakukosea," Mama akamjibu. "Huyo ndege ndiye alikosea."

Ndivyo tulivyoamua, na tunaona ni vyema uisikie kutoka kwetu. Tumerudisha kibanio. Watoto wakitaka hadithi ya Kipanga tutawasimulia mpaka pale juu ya paa, halafu tutawasimulia ya duka la Hared.

Wanaokukumbuka ni mke wako Mbinya, anayeanika nguo akiwa amepungukiwa na kibanio kimoja na hataki kingine. Binti yako Ndila. Mwanao Mutiso na mkewe. Mjukuu wako Kisilu, uliyepishana naye kwa miezi michache na ambaye Mama humwita mume wangu mbele ya wageni. Hared na vijana wa Emali. Na Kiema, mjomba wa watoto wako, ambaye hakupigwa.

Hutatutoka moyoni siku yoyote, Baba, na Jumapili ndiyo kabisa.